Dhahabu iliyodhaniwa mchanga: George Adamson, kutoka Garissa hadi Kora

Iko filamu moja ya zamani, ya nyeusi na nyeupe, ambayo kila nikiitazama humkumbuka mzee mmoja aliyezikwa ng'ambo ya Mto Tana, upande wa juu wa mji huu wa Garissa ninakoishi. Filamu yenyewe ni The Treasure of the Sierra Madre. Ilitoka Marekani mwaka 1948, miaka mitatu baada ya Vita Vikuu vya Pili kumalizika. Mwongozaji wake ni John Huston, na mwigizaji mkuu ni Humphrey Bogart, yule bwana wa uso mkavu na ulimi mchungu ambaye katika filamu zake nyingi huonekana hamwamini mtu na hategemei jema kutoka kwa yeyote.

Kisa chake ni kifupi. Wanaume wawili mafukara, Dobbs na Curtin, wamekwama mji wa Tampico nchini Mexico bila kazi wala nauli. Wanakutana na mzee mmoja, Howard, aliyetumia umri wake wote kuchimba dhahabu. Watatu hao wanapanda milimani na dhahabu wanaipata. Hapo ndipo maradhi yanapoanza. Dobbs, ambaye ni Bogart, anaanza kuwashuku wenzake. Halali usiku, anazungumza peke yake, na mwisho anampiga risasi Curtin na kumwacha akidhani amekufa. Anakimbia na punda na mali yote, lakini njiani anakutana na majambazi. Wanamuua kwa ajili ya punda na ngozi. Ile mifuko ya dhahabu wanaifungua, wanaona vumbi, wanadhani ni mchanga uliotiwa ili kuongeza uzito wa ngozi sokoni, na wanaumwaga. Upepo unaupeperusha hadi kule ulikotoka. Mzee Howard anapopata habari, anacheka mpaka mbavu zinamuuma. Yeye ameshapata kijiji cha wenyeji wanaomheshimu kama tabibu wao, na huko ndiko anakoamua kumalizia umri wake.

Ndugu msomaji, utaniuliza Mexico na Garissa ni wapi na wapi. Nami nakujibu kwamba kisa hiki, au ndugu yake wa karibu, kimetokea kwetu. Yuko mtu aliyekuja kutafuta dhahabu kaskazini mwa Kenya na asiipate, akakutana na mkewe hapa Garissa, akaacha jina lake katika maporomoko ya Tana, akaishi mwituni katika ardhi iliyokuwa ya Mkoa wa Pwani, na akauawa na majambazi wenye bunduki. Jina lake ni George Adamson. Wengi walimwita Baba ya Simba.

Namwandikia watu wa Pwani kwa sababu moja. Kora, alikoishi miaka yake ya mwisho na alikozikwa, iko Tana River, na Tana River ni Pwani. Hata hivyo, nikiwauliza vijana wetu habari za Kora, wengine huniambia ni Meru, wengine Garissa, na wengine hunitazama tu. Kama hatujui kilichomo nyumbani kwetu, tutakilindaje?

George Adamson alizaliwa tarehe 3 Februari 1906 huko Etawah, India, wakati wa utawala wa Waingereza. Alisoma Uingereza, na mwaka 1924 akaja Kenya kufanya kazi katika shamba la kahawa la baba yake. Kahawa haikumkaa. Kwa zaidi ya miaka kumi alikuwa mtu wa kujaribu hili na lile. Alifanya biashara ya mbuzi, aliwaongoza matajiri waliokuja kuwinda, na kila mara akarudi kwenye ndoto ile ile ya Dobbs na Howard, yaani kuokota utajiri chini ya ardhi. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, habari zilipoenea kwamba Kakamega kuna dhahabu, alikuwa miongoni mwa waliokimbilia huko na sururu na karai. Alitoka kama alivyoingia.

Mwaka 1934 alikwenda mbali zaidi. Yeye na mwenzake walielekea Ziwa Turkana, ambalo zama hizo liliitwa Ziwa Rudolf, wakitafuta dhahabu na kufuata uvumi wa kale wa machimbo ya Malkia wa Sheba. Ziwa lile lina mamba na upepo unaofumuka ghafla hata wavuvi wazoefu hulichunga. Wao waliunda mashua kwa vijiti vya mgunga na maturubai, wakavuka. Mtu wa Lamu au Pate, anayejua mbao na kalafati, akisikia habari ya mashua hiyo atatikisa kichwa. Walifika salama, lakini dhahabu hawakuiona.

Kufikia hapo maisha yake yangeweza kuwa filamu ya Bogart neno kwa neno. Ila Dobbs kila alipokosa alizidi kuwa mchungu, na Adamson kila alipokosa alizidi kuipenda ile nchi kavu iliyomkosesha. Mwaka 1938 akaajiriwa na Idara ya Wanyamapori kuwa msaidizi wa mlinzi mkuu katika ile iliyoitwa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini. Eneo hilo lilianza Isiolo na Marsabit, likafika Moyale, Mandera na Wajir, na kushuka mpaka huku Garissa. Ilikuwa nchi iliyofungwa: mtu wa Mombasa au Nairobi hakuweza kuingia bila ruhusa ya serikali ya mkoloni, na mwenyeji naye hakutoka apendavyo. Adamson alipewa nchi hiyo aizungukie kwa miguu na kwa ngamia, akisaka majangili wa pembe za ndovu na kuwapiga simba waliovamia mifugo au watu. Hakwenda peke yake. Palikuwa na askari na wasaka nyayo, watu wa kaskazini waliojua maji yako wapi na simba amepita lini. Mkubwa huandikwa vitabuni, lakini njia anaijua mwenyeji.

Sasa tufike Garissa. Mji huu wakati ule ulikuwa kituo kidogo cha serikali kando ya mto, majengo machache na vumbi jingi. Mwanzoni mwa mwaka 1941 uliwahi kujulikana duniani kwa muda mfupi, kwani majeshi ya Waingereza, mengi yakiwa ya Waafrika, yalipita hapa kwenda Kismayu kuwatoa Waitaliano Somalia. Vita vilipohama, Garissa ikarudi kwenye utulivu wake. Krismasi ya mwaka 1942, wageni walikuja kusherehekea kwa mkuu wa wilaya. Mmoja wao alikuwa mtaalamu wa mimea, Peter Bally, pamoja na mkewe, mwanamke wa asili ya Austria aliyekuwa akichora maua. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Friederike Victoria Gessner, ila mumewe huyo alimpa jina la Joy. Hapa Garissa ndipo Joy alipokutana na George Adamson. Mwaka 1944 Joy na George walioana.

Nimeishi Garissa kwa miaka mingi kwa kazi ya ualimu, na jambo hili hunishangaza hadi leo. Dunia nzima iliwajua watu wale wawili. Vitabu vyao vilisomwa na mamilioni, na wimbo wa filamu yao ukaimbwa na watoto wa shule za Ulaya. Lakini mji walikokutana hukumbukwa katika habari kwa jambo jingine kabisa, na kila mtu anajua ni lipi. Tarehe 2 Aprili 2015, siku ya shambulio la chuo kikuu ambapo watu 148 waliuawa, ilitugonga muhuri ambao haujafutika. Sisemi msiba usahauliwe. Nasema mji wenye umri kama huu una kurasa nyingine pia, nazo zinahitaji kusomwa.

Turudi kwa George. Tarehe 1 Februari 1956 alikuwa katika msako wa simba aliyekuwa ameua mtu. Simba jike mmoja akawarukia, wakampiga risasi akafa. Baadaye wakagundua kwamba alikuwa akiwalinda watoto wake, waliofichwa kwenye ufa wa mwamba. Walikuwa watatu, wote majike, wadogo hata macho hayajafunguka vizuri. George akawapeleka nyumbani Isiolo. Wawili walipokua wakasafirishwa hadi bustani ya wanyama ya Rotterdam, Uholanzi. Yule mdogo kabisa akabaki. Huyo ndiye Elsa.

Yaliyofuata yanajulikana, kwa hiyo nitayapitia haraka. Joy na George walimfundisha Elsa kuwinda, wakamwachia huru Meru, naye akaishi mwituni, akazaa watoto watatu, na bado akawa anakuja kuwasalimu. Joy akaandika kitabu, Born Free, kilichotoka mwaka 1960. Elsa alikufa Januari 1961 kwa ugonjwa unaoletwa na kupe. Watoto wake wakaanza kula mbuzi wa watu, wenye mbuzi wakalalamika kwa haki, na simba hao ikabidi wahamishiwe Serengeti. Mwaka huo George akaacha kazi ya serikali. Mwaka 1966 ikatoka filamu ya Born Free, ya rangi, iliyopigwa Kenya, Bill Travers akiigiza kama George na Virginia McKenna kama Joy. George mwenyewe alikuwa mshauri wa filamu na mwangalizi wa simba. Ilichukua tuzo mbili za Oscar, zote za muziki.

Lakini tazama tofauti kati ya filamu na mtu. Filamu ilipokwisha, simba wengi walioigiza walipangiwa kupelekwa katika bustani za wanyama ng'ambo. Waliotengeneza filamu walikuwa wamemaliza kazi yao. George aliona haya kwamba simba waliotumiwa kuhubiri uhuru wafungiwe kwenye kizimba. Akaomba apewe baadhi yao. Alipata watatu: Boy, Girl na dume mmoja aliyeitwa Ugas. Jina hilo la mwisho, mtu yeyote wa Garissa analijua, ni cheo cha kiongozi wa ukoo kwa Wasomali. Akawapeleka Meru kuwafundisha maisha ya mwitu. Tangu siku hiyo akawa na kazi moja tu mpaka anaingia kaburini.

Meru hakudumu. Simba waliozoea watu hawawaogopi watu, na mwaka 1969 Boy alimjeruhi mtoto. Serikali ikamtaka George ahame. Hapo ndipo Pwani inapoingia katika kisa hiki. Mwaka 1970 George alipata eneo la Kora, ukingo wa kusini wa Mto Tana, katika Wilaya ya Tana River. Palikuwa mahali ambapo hakuna mwingine aliyepagombania: joto, miiba, mbung'o, miamba mikubwa inayochomoza kutoka katika vichaka kama migongo ya ndovu. Baraza la Tana River likamkodishia. Akajenga vibanda, akazungushia ua wa wavu, akapaita Kampi ya Simba. Utaona ajabu yake: huko kwingine mtu hujenga zizi kuwafungia wanyama, kwake binadamu ndiye aliyelala ndani ya wavu na simba wakatembea nje.

Ndugu yake Terence ndiye aliyejenga kambi na kukata barabara katika pori lile. Watu humsahau Terence, naye hakuwa na mapenzi makubwa na simba, lakini bila yeye gari lisingefika. Alifariki mwaka 1986 na amezikwa huko huko.

Kijana wa leo ambaye hajasikia jina la Kora pengine ameiona bila kujua. Iko picha ya video iliyoenea sana katika intaneti miaka ya 2007 na 2008, ya vijana wawili wenye nywele ndefu na simba anayewakimbilia na kuwakumbatia kwa miguu ya mbele kama ndugu waliopoteana. Simba huyo ni Christian. Alinunuliwa akiwa mtoto katika duka kubwa la Harrods, London, na vijana wawili wa Australia. Alipokuwa mkubwa kuliko nyumba yao, wakamleta kwa George mwaka 1970. Mwaka uliofuata walikuja kumtazama, na ndipo palipotokea kukumbatiana kule. Mamilioni ya watu wameitazama picha hiyo na kutokwa na machozi. Mahali ilipopigwa ni Tana River, katika uliokuwa Mkoa wa Pwani, Kenya. Sijaona kibao kimoja barabarani kinachosema hivyo.

Sipendi kumfanya mzee huyu malaika, kwani hakuwa. Mwaka 1971 Boy, yule yule wa Meru, alimuua mmoja wa wafanyakazi wa kambi. George alikimbilia, akampiga risasi simba aliyempenda kama mwanawe, lakini mfanyakazi alikuwa ameshaondoka duniani. Wako wataalamu waliosema tangu mwanzo kwamba kazi yake haikuwa na maana kubwa. Kwa hesabu zao, simba ishirini na ushei aliowarudisha mwituni kwa miaka yote ile si kitu mbele ya maelfu wanaopotea kwa kukosa ardhi. Wengine walisema anacheza na roho za watu maskini wanaomfanyia kazi. Serikali ilifika mahali ikamzuia kuleta simba zaidi.

Wafugaji nao walikuwa na hoja yao. Ukame unapokaza, Mto Tana ndio tumaini la mwisho. Mwenye ngamia na mbuzi anayetoka ndani ya Garissa kutafuta maji na majani hawezi kueleweshwa kwamba ukingo huu ni wa simba aliyeletwa kwa ndege kutoka London. Kora ilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1973, lakini tangazo la serikali halileti mvua. Mifugo iliingia, George akalalamika, wafugaji wakanung'unika, na kila upande ukaona mwingine ndiye mvamizi. Ukweli ni kwamba hakuna aliyekaa na wenyeji wa mto na wafugaji wa bara akawauliza hifadhi hii iweje ili nao waione yao. Katika ile filamu ya 1948, mzee Howard alibaki kijijini akiwatibu watu. Adamson alibaki mwituni akiwalea simba. Hapo ndipo nafsi yangu huona pengo katika maisha yake.

Pengo hilo lilijazwa na bunduki. Vita vya shifta vya 1963 hadi 1967 viliiacha nchi hii na majeraha mengi na silaha nyingi. Baadaye pembe za ndovu zikapanda bei, na magenge yenye bunduki za kivita yakaingia mbugani. Ndovu wa Kenya, waliokadiriwa kuwa 167,000 mwaka 1973, walipungua hadi chini ya 20,000 kufikia mwisho wa miaka ya 1980. Novemba 1988, ng'ambo tu ya mto, katika Mbuga ya Meru, majangili waliwaua faru weupe watano waliokuwa wakilindwa na askari. Tarehe 18 Julai 1989, Rais Moi alichoma tani 12 za pembe za ndovu jijini Nairobi, mbele ya kamera za dunia nzima. Kwa mtu wa mjini hiyo ilikuwa habari njema. Kwa mzee wa miaka 83 aliyeishi porini na bastola moja, hatari ilikuwa imekaribia mlangoni.

Joy hakuwapo tena. Waliishi mbali mbali kwa miaka mingi, na mwanzoni mwa Januari 1980 aliuawa katika hifadhi ya Shaba, karibu na Isiolo. Mwanzoni ilisemekana ni simba. Baadaye ikathibitika kuwa ni mkono wa binadamu, na aliyewahi kumfanyia kazi akahukumiwa. George hakuhama. Aliambiwa mara nyingi aondoke Kora, naye akakaa.

Jumapili tarehe 20 Agosti 1989, mgeni wake mmoja, mwanamke kutoka Ujerumani, alikuwa akienda na mfanyakazi wa kambi kwenye kiwanja kidogo cha ndege. Majambazi wakawavamia njiani. Milio ya risasi ikafika kambini. George akapanda Land Rover yake kuukuu pamoja na baadhi ya watu wake, akaenda. Alipowaona majambazi hakugeuza gari. Alilielekeza kwao huku akifyatua bastola. Waliuawa yeye na wafanyakazi wake wawili. Mgeni alipona.

Wafanyakazi wale wawili nataka tusimame nao kidogo. Katika masimulizi mengi hutajwa kwa nusu mstari, kana kwamba walikuwa sehemu ya gari. Nao walisikia risasi zile zile, nao walijua yanayowangoja, nao walipanda. Hawakuwa na vitabu vya kuuzwa wala filamu ya kuwasifu. Majina yao ningependa yatolewe na jamaa zao wenyewe, yachongwe kwenye jiwe pale Kora kwa ukubwa ule ule wa jina la mzee, si dogo hata kwa herufi moja. Damu iliyomwagika siku ile haikuwa na daraja la kwanza na la pili.

Dobbs wa filamu aliuawa na majambazi akikimbia na mali ya wenzake. Adamson aliuawa na majambazi akikimbilia kuokoa mgeni. Wote wawili walianza kwa kutafuta dhahabu. Tofauti yao nadhani iko katika kuamini. Dobbs alifikiri kila mtu ana nia mbaya naye, na mwisho hakuwa na mtu. Adamson aliweza kumwamini hata simba, na ingawa imani hiyo iliwagharimu watu, yeye mwenyewe hakuacha kuilipia.

Mwaka 1990 Kora ilipandishwa hadhi ikawa mbuga ya taifa. Ina ukubwa wa takriban kilomita mraba 1,788. Inapakana na Mto Tana upande wa kaskazini, na maporomoko ya mto huo yanaitwa Maporomoko ya Adamson. Mwaka 1999 ikatoka filamu nyingine, To Walk with Lions, Richard Harris akiigiza kama George mzee wa Kora. George amezikwa kule kule, karibu na Terence na baadhi ya simba wake. Lakini watalii wanaotaka kujua habari za akina Adamson hupelekwa Naivasha, kwenye nyumba ya Joy iitwayo Elsamere, kwa sababu huko kuna barabara nzuri, chai na viti. Kaburi la mzee liko kwetu, kumbukumbu yake inalipiwa kwingine.

Sasa nifike kwenye jambo lililonikalisha kuandika. Wale majambazi wa filamu walimwaga dhahabu kwa sababu walidhani ni mchanga. Hawakuwa wajinga, hakuna aliyewaonyesha. Nasi, watu wa Garissa na Tana River, tumekuwa tukiambiwa kwa muda mrefu kwamba nchi yetu ni mchanga tu: jua, miiba, ukame, hatari. Tumeambiwa mpaka tumesadiki. Mtoto wa Madogo anakua akiutazama mto kila siku bila kujua kwamba juu yake kuna maporomoko yaliyoandikwa katika vitabu vya dunia. Mtoto wa Ijara anamwona hirola akila majani, hajui kwamba swala huyo, ambaye wamebaki wachache mno, makao yake ya asili yaliyosalia Kenya ni Garissa na Tana River, na kwamba kule Ishaqbini ni wafugaji wenyewe waliotenga ardhi yao ili asipotee. Pale Bour-Algi, mwendo mfupi kutoka mjini Garissa, jamii inaishi na twiga bila ua wala risasi. Hao wa Ishaqbini na Bour-Algi wamefanya lile ambalo Adamson hakulifanya: wameanza na watu.

Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu alikuja, akakaa, akafa. Mwenyeji hajapona bado, na si kosa la mgeni peke yake. Serikali za kaunti zote mbili, pamoja na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, zinaweza kuifanya Kora iingilike kwa barabara na iwe na waongozaji wa kutoka vijiji vya ukingo wa mto, badala ya kuletwa watu wa mbali. Mikutano ya malisho ifanywe kabla ya ukame na si baada ya mapigano, ili mfugaji ajue lini na wapi mifugo yake itakunywa bila kuvunja sheria. Hayo yanahitaji bajeti, nayo bajeti ina mwendo wake.

Lakini liko moja lisilohitaji bajeti. Wako wazee katika vijiji vya Tana waliobeba maji ya Kampi ya Simba, waliochimba barabara za Terence, waliosaka nyayo alfajiri mbele ya gari la mzee. Wengine wao sasa hawaoni vizuri. Wanayoyajua hayamo katika kitabu chochote cha Kiingereza. Simu ya mwanafunzi inaweza kuwarekodi kwa saa moja, kwa lugha yao, na kazi hiyo nimewapa wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wakati wa likizo ya Agosti. Mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye mzee kule Asako, au Saka, au Mbalambala, aliyefanya kazi Kora miaka ile, na amketishe chini ya mti amsikilize. Asingoje mwaka ujao.